Mwezi wa Kimya

Jumapili, 23 Februari 2025. Ngamiani, Tanga

Tumerudi saa tisa usiku. Harusi ya vunja jungu, watu walijaa mpaka barabarani, na kwa kuwa Ramadhani imeshabisha hodi, wenye shughuli walitaka waimbiwe kama hakutakuwa na sherehe tena. Spika nane, nne kila upande. Ukumbi haukuwa na nafasi, nikaweka mikisa hatua chache tu kutoka spika za kushoto. Saa tano nzima.

Nilipolaza kichwa nikausikia. Mluzi mwembamba, sikio la kushoto, kama nyenje mmoja aliyegoma kunyamaza. Kila fundi mitambo anaujua. Huja na ngoma, huondoka na adhana ya alfajiri. Mimi naujua kwa zaidi ya miaka ishirini, na sikuwahi kuuhesabia kitu.

Sasa imeshapita adhuhuri. Bado upo.

Jumatano, 26 Februari

Siku ya nne. Leo nimeona nisiendelee kubahatisha, nikautafuta huu mlio kwa mkono wa kazi yangu. Nimeweka kwenye simu programu ya kutoa toni, nikavaa hedifoni upande wa kulia, nikafunga mlango wa stoo. Nikaanza na hezi 1,000, nikapanda. Kwenye 4,000 toni ilikuwa nene mno. Kwenye 6,000 ilikaribia. Kwenye 8,700 hivi, sauti ya nje na ya ndani zikasukana kama kamba mbili, nikashindwa kujua ipi ni ipi. Nikaandika ukutani kwa chaki: 8,700.

Jioni nikarudia, nikapata 9,400. Nikarudia tena, nikatua chini ya 8,000. Mimi huyu, ambaye mpiga kinanda akikosea nusu sauti nageuza shingo.

Kisha nikataka kujua ukubwa wake. Nikaishusha toni kidogo kidogo mpaka ikalingana na mlio. Hapo nilistaajabu. Zilikuwa desibeli chache tu juu ya pale ambapo toni ilipotea kabisa. Kitu kinachoniamsha saa nane ya usiku, kwa kipimo, ni kidogo kuliko mnong'ono.

Nimempigia mpwa wangu, binti wa dada, anayesomea udaktari Dar. Amenisikiliza bila kunikatiza, kisha akasema, "Mjomba, hilo uliloliona stoo limeshaonwa." Kumbe Edmund Fowler, daktari wa masikio wa New York, alishaandika mwaka 1942 kwamba wagonjwa wanaolalamikia kelele kubwa, ukiwalinganishia na toni, wengi huchagua sauti ndogo, desibeli tano au kumi tu juu ya mwanzo wa kusikia kwao. Na hata hayo mabadiliko ya 8,700 na 9,400 ni kawaida. Mtu yule yule hujibu tofauti asubuhi na jioni, na mara nyingi hukosea kwa oktavu nzima.

Kwa hiyo kipimo changu cha stoo hakikuwa kibovu. Kitu chenyewe ndicho kigumu kushikika.

Jumatatu, 3 Machi

Ramadhani imeingia. Leo pia ndiyo siku ambayo Shirika la Afya Duniani huiita Siku ya Usikivu Duniani. Nimesafiri kwenda kliniki moja ya masikio, nimerudi nimechoka kwa njia na kwa maneno.

Walinikalisha kwenye kibanda, hedifoni, kitufe mkononi. Bonyeza ukisikia. Robo saa. Kijana akatoka na karatasi yenye mistari, akasema usikivu wangu uko vizuri pande zote mbili. Nikamwambia, lakini kuna mlio. Akaitazama karatasi tena, akasema, "Hapa hakuna kitu, mzee. Labda una mawazo." Nikalipa, nikaondoka.

Njia nzima nilikuwa naitazama ile karatasi. Kipimo kilianzia hezi 250, kikaishia 8,000. Ukutani kwangu pameandikwa 8,700. Mstari wao unakatika pale mlio wangu unapoanza. Sisemi yule kijana alikosea kazi yake. Hicho ndicho kipimo cha kawaida kila mahali, na kimewekwa hivyo kwa sababu maneno ya watu yako chini ya hapo. Nasema karatasi iliyoishia 8,000 haiwezi kusema "hakuna kitu" juu ya kilicho zaidi ya 8,000.

Nilimkumbuka baba. Nitaandika siku nyingine.

Ijumaa, 7 Machi

Mwezi huu hakuna shughuli. Mitambo imefunikwa turubai. Nimezoea usiku wenye ngoma, sasa usiku baada ya tarawehe ni mtulivu, na ndani ya utulivu huo mlio ni kama umehamia katikati ya kitanda. Mke wangu ameleta feni kutoka sebuleni, akaiwasha, na siyo kwa ajili ya joto. Hakusema neno. Na kweli, feni inausaidia usingizi. Mlio upo, ila una mwenzake.

Mpwa wangu amenitumia jambo lililonituliza moyo kidogo. Mwaka 1953 huko Marekani, Heller na Bergman waliwachukua watu wazima 80 wasio na shida ya masikio, wakawaingiza mmoja mmoja kwenye chumba kilichozibwa sauti, wakawaambia waeleze wanachosikia. Asilimia 94 walisikia kitu. Mluzi, mvumo, wadudu, mlio wa kengele. Yaani ukimnyamazishia mtu dunia, kichwa chake kinasema.

Jingine ni la David Kemp wa London, mwaka 1978. Aliweka maikrofoni ndogo ndani ya tundu la sikio, akatoa mlio mfupi, na baada ya muda mchache sana sikio likarudisha sauti yake lenyewe. Siyo mwangwi wa ukuta. Ndani ya koklea, ile nyumba iliyojizungusha kama ya konokono, kuna chembe zenye vinyweleo ambazo hujitikisa kuikuza sauti inayoingia, na mtikiso huo hutoka nje. Kipimo hicho leo hutumika kuwapima usikivu watoto wachanga, maana mtoto hawezi kubonyeza kitufe.

Nikamuuliza, basi mlio wangu ndio huo? Wakiweka maikrofoni, watausikia? Akasema, "Hapana, Mjomba. Kwa watu wengi sana hauko kwenye sikio." Nimelala na maneno hayo.

Jumanne, 11 Machi

Leo nimeelewa, na nimeelewa kwa mikisa, siyo kwa kitabu.

Mpwa wangu alianza na panya wadogo wa maabara. Mwaka 2009, Sharon Kujawa na Charles Liberman wa Boston waliwapigia panya kelele ya desibeli 100 kwa saa mbili. Kesho yake usikivu wao ulikuwa umeshuka. Baada ya siku kadhaa ukarudi, kipimo kikawa safi kama karatasi yangu. Lakini walipozikagua koklea kwa darubini, wakakuta karibu nusu ya viungio kati ya chembe za ndani na nyuzi za neva, upande wa sauti za juu, vimekufa. Chembe zipo, waya zimekatika. Na kipimo cha kawaida hakioni, kwa sababu kusikia toni moja ndogo katika kibanda kimya kunahitaji waya chache tu.

Desibeli 100, saa mbili. Mimi nimekaa saa tano, mara mbili au tatu kwa wiki, tangu nikiwa kijana.

Ndipo akaniambia habari ya mwaka 2011. Roland Schaette na David McAlpine, London, waliwachukua wanawake 15 wenye mlio na karatasi safi, na wengine 18 wasio na mlio. Wakawabandika vipokezi kichwani, wakawapigia milio mifupi, wakasoma mawimbi ya umeme yanayopanda kutoka sikioni kwenda kwenye ubongo. Wimbi la kwanza, linalotoka kwenye neva yenyewe, lilikuwa dogo kwa wale wenye mlio. Wimbi la tano, lililo juu zaidi kwenye shina la ubongo, lilikuwa sawa kwa wote.

Nilimwambia angoje kwanza. Nikatoka uani, nikasimama.

Kwa sababu jambo hilo nalifanya kila Jumamosi. Mwimbaji akisimama mbali na maiki, sauti yake inaingia hafifu. Mimi napandisha geini. Mwimbaji anasikika vizuri, ukumbi mzima unaridhika, na hakuna anayejua kwamba aliimba kwa unyonge. Lakini pamoja na sauti yake nimepandisha na ule mvumo wa waya ambao siku zote upo na haukuwa ukisikika. Akinyamaza, unabaki mvumo peke yake. *Ssss.* Sauti ikiingia hafifu ikatoka sawa, kuna mtu katikati amezungusha kitufe.

Hivyo ndivyo wanavyodhani ubongo unafanya. Sikio limepunguza kinacholetwa, ubongo umepandisha geini, na sasa unasikia waya zake wenyewe. Mpwa wangu akacheka, akasema watafiti nao hutumia neno hilo hilo la mafundi.

Lakini akanionya nisilimeze zima. Mwaka 2017 kundi la Hannah Guest, Manchester, lilirudia kwa vijana wenye mlio na usikivu safi. Hawakuiona tofauti ile katika wimbi la kwanza. Walichokiona ni kwamba vijana wenye mlio walikuwa wamekaa kwenye kelele zaidi maishani. Kisha mwaka 2023 timu ya Stéphane Maison huko Boston ikasema dalili za neva iliyopungua zipo. Kesi bado iko barazani. Na kuna swali ambalo nadharia ya geini hailimalizi: wapo watu waliopoteza usikivu mwingi kabisa na hawana mlio wowote.

Naipenda nadharia hii kwa kuwa inasema lugha yangu. Hiyo si sababu ya kuiamini. Najiandikia hapa nisije nikasahau.

Jumamosi, 15 Machi

Baada ya daku, sikulala. Nilikuwa natafuna kokwa ya mwisho ya tende, nikabana meno, na mlio ukapanda. Nikaachia, ukashuka. Nikabana, ukapanda. Nikafanya hivyo mara kumi gizani kama mtoto aliyegundua swichi.

Nilimtumia ujumbe mpwa wangu asubuhi. Amejibu kwamba watu wengi wenye mlio wanaweza kuubadili kwa taya au shingo. Neva za uso na shingo na ile ya sikio hukutana kwenye kituo cha kwanza cha sauti ndani ya shina la ubongo. Susan Shore, Chuo Kikuu cha Michigan, amekifanyia kazi kituo hicho miaka mingi, na katika kifaa alichobuni mtu husikilizishwa sauti huku akipewa umeme mdogo shavuni au shingoni, kwa mpangilio maalumu wa wakati, ili seli zilizozoea kufyatuka pamoja ziache. Matokeo ya jaribio lao la watu 99 yalitoka mwaka 2023. Mwaka huo huo mamlaka ya Marekani iliruhusu kifaa kingine, Lenire, kinachotumia ulimi. Kidonge cha kutibu mlio, kilichoidhinishwa, mpaka leo hakuna. Nimeandika hivyo kwa herufi kubwa kwenye jalada la daftari, kwa sababu jana tu mtu sokoni aliniuzia matone. HAKUNA KIDONGE.

Kuna ushahidi mwingine kwamba mlio hauishi sikioni: wapo wagonjwa waliokatwa neva ya usikivu wakati wa kutolewa uvimbe, wakawa viziwi upande huo, na mlio ukabaki. Nimesoma sentensi hiyo mara tatu.

Dawa za kuuleta mlio, hizo zipo. Nani katika pwani hii aliyekua bila kwinini? Nilikuwa darasa la tatu, malaria ilinilaza, nikawekewa dripu, na kwa siku mbili masikio yalivuma mpaka nikimwona bibi anafungua kinywa simsikii. Bibi alisema nasengenywa, wanitaja wabaya wangu. Ilipokwisha dawa, mvumo ukaisha. Aspirini nyingi hufanya vivyo hivyo. Kwa malaria kali tumeshaondoka huko: utafiti mkubwa wa watoto 5,425 katika nchi tisa za Afrika, uliotoka mwaka 2010, ulionyesha kwamba waliopewa atesuneti walikufa 8.5 katika mia, na waliopewa kwinini 10.9. Muheza hapa jirani ilikuwa mojawapo ya vituo. Sindano za kanamaisini za kifua kikuu sugu, zilizowaacha wengi na masikio mabovu moja kwa moja, nazo Shirika la Afya Duniani lilishauri ziachwe mwaka 2018.

Jumanne, 18 Machi

Saa kumi na moja jioni, koo limekauka, nasoma habari za panya wenye kiu.

Swali lilikuwa hili: utajuaje kama panya anasikia mlio? Huwezi kumuuliza. Na bila mnyama huwezi kuchunguza ndani ya ubongo, wala kujaribu dawa. Pawel Jastreboff na wenzake, Marekani, walipata jibu mwaka 1988, na nadhani ni jambo la akili kubwa kuliko yote niliyosoma mwezi huu.

Waliwaweka panya wenye kiu kwenye sanduku lenye maji na sauti ya mvumo isiyokatika. Mara kwa mara mvumo ulizimwa, na mwisho wa kimya hicho panya alipata shoti ndogo miguuni. Akajifunza: kimya ni hatari. Kila mvumo ukizimwa, anaacha kunywa, anaganda. Kisha baadhi yao wakapewa dawa ya jamii ya aspirini, nyingi, ile inayojulikana kuleta mlio kwa binadamu. Mvumo ukazimwa. Na panya hao wakaendelea kunywa.

Kwao hakukuwa na kimya. Kichwani mwao bado kulikuwa na sauti.

Muadhini hajaadhini bado. Nimekaa na hiyo picha ya panya anayekunywa maji kwa sababu hakusikia kimya. Inanisumbua, kwa ile shoti, na siwezi kusema nimeipenda. Lakini ndiyo mara ya kwanza kitu hiki, ambacho hakuna sikio la mwingine linaloweza kukisikia, kilipata shahidi asiyejua kusema uongo wala kujipendekeza kwa daktari.

Jumamosi, 22 Machi

Kwa binadamu ni rahisi zaidi. Unamuuliza.

Mpwa wangu amekuja wikiendi. Baada ya futari, dada yangu akiwa anaosha vyombo vya kaimati, tukakaa barazani na maswali 25. Yalitungwa na Newman, Jacobson na Spitzer, Marekani, mwaka 1996, na hutumika karibu duniani kote. Kila swali lina majibu matatu: ndiyo, pointi nne, wakati mwingine, mbili, hapana, sifuri. Jumla haizidi mia. Hayaulizi mlio una hezi ngapi wala desibeli ngapi. Yanauliza kama unaweza kusoma, kulala, kuwasikia watu mkutanoni. Kama una hasira. Kama umekata tamaa. Kama unahisi huwezi kuukimbia.

Yako kwa Kiingereza. Tukaanza kuyageuza, na hapo tukakwama kwenye neno la kwanza. Tuseme nini? Mpwa wangu aliandika "kelele masikioni". Nikamwambia kelele ni za watu, mtu akisikia hivyo atadhani unamuuliza kuhusu majirani. Dada akatoka jikoni, akasema kwao wakubwa walisema sikio linavuma. Lakini wangu hauvumi, wangu ni mluzi. Mvumo ni mzito, wa bahari, wa mzinga. Jirani mmoja akapita, akaulizwa, akasema yeye husema masikio yanalia. Tukakaa hapo nusu saa. Mwishowe tukaandika "mlio au mvumo unaousikia wewe peke yako". Neno moja la Kiingereza limekuwa maneno saba, na saba haya ni ya kweli zaidi.

Nimepata 34. Ni daraja la wepesi. Linaanzia 18 na kuishia 36. Nilitazama namba hiyo nikaona ni haki. Sijaangamia. Nalala na feni.

Jambo linalojitokeza katika utafiti baada ya utafiti ni kwamba desibeli za mlio na pointi za maswali haya haziendi pamoja. Mtu mwenye mlio mdogo sana anaweza kupata 80, na mwenye mkubwa akapata 10. Ndiyo maana kwa wanaoteseka, msaada wenye ushahidi mzuri zaidi leo ni mazungumzo ya kitaalamu ya kubadili fikra na mazoea, ambayo hayaugusi ukubwa wa mlio. Yanagusa vile mtu anavyoishi nao.

Halafu mpwa wangu akauliza, "Babu naye alikuwa nao, siyo?"

Jumapili, 23 Machi

Baba alifanya kazi kwenye kiwanda cha mkonge miaka 31, kwenye mashine ya kuchana majani, ile waliyoiita korona. Siku nzima chuma kinapiga majani mabichi. Hakuna aliyepewa chochote cha kuziba masikio. Akirudi nyumbani alizungumza kwa sauti ya juu, sisi watoto tukadhani ana hasira.

Nikiwa na miaka kumi na mbili hivi alianza kusema usiku kuna mtu anapiga filimbi. Alitoka nje na tochi. Alizunguka nyumba. Mama alimwambia hakuna filimbi. Wakaja wazee, wakasema ni shetani wa shambani, akapungwa, akafukizwa, akavalishwa hirizi. Filimbi ikaendelea. Baada ya hapo hakusema tena. Alikuwa anakaa karibu na redio, ameiweka katikati ya stesheni mbili, inakwaruza tu, na tukiizima anaiwasha. Tulimcheka. Nimeandika "tulimcheka" na mkono umekuwa mzito.

Ile redio ilikuwa feni yangu. Alijitafutia dawa yake mwenyewe, peke yake, na ilikuwa dawa sahihi.

Amefariki bila mtu yeyote kumuuliza hata swali moja kati ya yale 25. Jana usiku, baada ya mpwa kulala, niliyajibu kwa niaba yake, kwa kadiri nilivyomjua. Ilifika 70.

Alhamisi, 27 Machi

Habari ya mwisho kutoka kwa mpwa wangu kabla ya mitihani yake. Iowa, Marekani: mwanamume wa miaka 50, mwenye kifafa na mwenye mlio, alipandikiziwa vipokezi 164 kwenye ubongo ili madaktari watafute chanzo cha kifafa. William Sedley, Phillip Gander na wenzao wakamwomba ruhusa. Walimpigia mvumo, kwa kuwa kwake, kama kwa wengi, mvumo ukizimwa mlio hupungua kwa muda mfupi. Wakasoma ubongo wake mlio ukiwa umepungua na ukiwa umerudi. Matokeo yalichapishwa mwaka 2015.

Walitarajia mlio uwashe sehemu ndogo, kama toni ya kawaida ya hezi zile zile inavyofanya. Haikuwa hivyo. Uligusa karibu eneo zima la usikivu, na sehemu nyingine kubwa za ubongo pamoja. Toni ya nje ni mgeni aliyekaa sebuleni. Mlio umeingia vyumbani.

Nilichokitafakari zaidi ni hiki: hata hapo, na vipokezi 164 ndani ya kichwa, hawakuujua mlio umepungua mpaka walipomuuliza yeye, na yeye akatoa namba. Mashine zilisoma. Kipimo kilikuwa neno lake.

Utafiti uliotoka mwaka 2022 ulikadiria kwamba watu wazima zaidi ya milioni 740 duniani wana mlio, na zaidi ya milioni 120 unawatesa. Kwa kila mmoja wao hakuna njia nyingine ya kujua isipokuwa kumuuliza na kumwamini. Yule kijana wa kliniki alikuwa na karatasi mkononi na mtu mbele yake. Naandika bila hasira sasa. Nitarudi kwake baada ya Idi na yale maswali tuliyoyageuza, nimpe nakala.

Jumatatu, 31 Machi. Idi

Tumeswali. Watoto wamejaa uani na nguo mpya, na katika makelele yao sikuusikia mlio tangu asubuhi mpaka saa hii ninapoandika. Upo. Elfu nane na mia saba, au jirani yake.

Nimefunua turubai, nimepima. Kanuni wanayoifuata wataalamu wa afya kazini ni desibeli 85 kwa saa nane, na kila ukiongeza tatu, muda unakatika nusu: 88 saa nne, 91 saa mbili. Kwenye 100 unabakiwa na dakika 15. Programu ya simu si kifaa cha maabara, lakini pale ninapokaa siku zote ilisoma zaidi ya 100, na ngoma hata haijapamba moto.

Nimewaita wapigaji wote. Nimewaeleza habari ya panya na viungio vilivyokufa, nikawaambia na ya baba. Mpiga besi, kijana wa miaka 23, alinifuata pembeni baadaye akasema, "Kaka, mimi wangu hauondoki tangu Januari." Hakuwahi kumwambia mtu. Nimempa karatasi ya maswali.

Jumamosi tuna harusi Pongwe. Mikisa itakaa nyuma ya ukumbi, waya mrefu nimeshaununua. Na vizibo vya masikio, jozi sita.